Alhamisi za Bwana Waya

Betri ikivimba na kutoa majimaji yake ina harufu ambayo mtu haisahau. Si ya kuoza, si ya kuungua. Ni kama umeweka sarafu ulimini ukaiacha hapo mpaka mate yakawa machungu. Mie harufu hiyo naijua kuliko uturi, maana kazi yangu ni maspika na vyuma vyake, nimeifanya tangu ndevu hazijaota. Lakini siku tuliyofungua sanduku la marehemu mama, baada ya arobaini, ilinijia puani nikajikuta nimekaa chini mkekani bila kutaka.

Dada zangu walikuwa wanagawana kanga. Chini kabisa, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, zilikuwemo betri kubwa za tochi, zile za zamani, zimevimba na kuota kutu ya kijani na nyeupe.

"Jamani mama!" dada yangu Pili akasema. "Kaweka udi na betri mbovu sanduku moja. Alitaka tumkumbuke kwa lipi?"

Wakacheka, na mie nikacheka. Kisha mjukuu wangu Zuhura akavuta kile kilichotandikwa chini ya sanduku, tukidhani ni kipande cha boksi, akakigeuza. Lilikuwa jalada la santuri. Santuri yenyewe haimo. Picha yake imepauka, lakini inaonekana: kabati lenye matundu, nyaya zimening'inia kama utumbo wa mbuzi. Hakuna mtu kwenye picha.

Hapo kicheko kikaniisha. Dada zangu ni wadogo kwangu mbali, walikuwa hawajazaliwa. Mie nilikuwepo.

Niseme mapema, mie sikusoma. Darasa la nne nilitoka kwa miguu yangu na sikufukuzwa na mtu. Duka langu la Tandika nimelisimamisha mwenyewe, na ukienda kwenye shughuli yoyote upande huu wa Temeke, harusi, ngoma ya mwali, kigodoro, ukisikia besi inakutetemesha mbavu, uliza spika za nani. Sipendi watu wanaoandika wakijililia. Lakini hili ni la aibu, na aibu haipungui kwa kufunikwa na kanga. Nyie wa rika langu mtanielewa, nyie mnaojua maana ya kuanika betri juani.

Mama alikuwa wa Rufiji. Baba, mzee Kondo, kuli wa bandarini, alimwoa akamleta Temeke kwenye nyumba ya mama yake, yaani bibi yangu. Mama mjini hapa hakuwa na ndugu hata wa dawa. Alikuwa anafua na kupiga pasi kwa Bi Shirini, mama wa Kihindi, Mkhoja, aliyekaa ghorofani kule mjini. Siku nisizokuwa na chuo cha Kurani alinichukua, nikawa nakaa chini ya meza ya kupigia pasi. Ikifika Muharamu nguo zote za nyumba ile zinakuwa nyeusi, zinashuka pande zote za meza, na mie nipo ndani yake kama nimo hemani.

Kijana wa nyumba ile, Akbari, alikuwa amerudi kutoka kusoma ng'ambo na masanduku ya santuri. Mwezi wa matanga yao hakupiga chochote. Miezi mingine mlango wake ulikuwa wazi, na kulikuwa na santuri moja aliyoirudia kuliko zote. Haikuwa na mwimbaji. Haina ngoma, haina tarumbeta, haina hata mtu anayekohoa. Inaanza kama maji yanayochemka kwenye sufuria yenye kifuniko. Unakuja mluzi, lakini mluzi wa mtu asiye na midomo. Halafu chini yake kitu kinaanza kutembea, dumu, dumu, dumu, hakichoki na hakivuti pumzi.

Mama akawa anasukuma pasi kwa mwendo ule ule. Mnielewe vizuri. Mama yangu alikuwa mtu wa kusitasita. Akitwanga, mchi unapotea kinuni. Akicheza harusini anatazama miguu ya wenzake kwanza. Lakini pasi ile na sauti ile vilikwenda pamoja kama vilizaliwa tumbo moja, na mie chini ya meza nikiona nyayo zake zinainuka kisigino, zinashuka. Muharamu ilipofika na nyumba ikanyamaza, pasi yake ikarudi kusitasita.

Siku moja nikamuuliza Akbari, "Kaka, nani anaimba humo?"

Akacheka. "Hakuna mtu, bwana mdogo. Ni mashine. Umeme unaimba wenyewe."

Yeye alidhani amenieleza. Mie nilielewa kama ambavyo mtoto yeyote wa chuoni Temeke angeelewa. Kuna sauti, na hakuna mtu. Maalimu wetu alikwishatuambia ni viumbe gani wanaosema bila ya mwili, na alitutajia mpaka wanakopenda kukaa. Hakutaja santuri, lakini nikaona hiyo ni kwa sababu maalimu hajafika kwa Bi Shirini.

Kisha wale watu wakahama nchi. Bi Shirini alimpa mama gramafoni ndogo ya betri, ile ya kufunga kama sanduku, na santuri ile juu yake. "Chukua, Mwanahawa. Hii hakuna atakayeitaka. Akbari anasema humu ndani wewe ndiye mtu pekee uliyekuwa unaisikiliza."

Mama aliibeba kichwani kutoka kituoni mpaka nyumbani, na ile njia yote alikuwa anatabasamu kama mwali.

Sasa jini letu likahamia Temeke. Jioni, kazi zikiisha, mama anakaa chini karibu na dirisha, kidevu juu ya goti, anaiweka sindano. Hafanyi kitu kingine. Hachambui mchele, hasuki ukili. Anasikiliza. Majirani wanapita nje, "We Mwanahawa, hiyo redio yako mbovu, haishiki stesheni!" Watoto wakaniita hivyo hivyo, Rama Redio Mbovu. Nikienda dukani kununua chumvi, wananifuata nyuma wakipiga miluzi ya puani, wiii, wiii, na mmoja anafanya mashine ya kusaga kwa mdomo. Nilipigana mpaka jino la mbele likaenda.

Betri zikichoka, ile sauti inapungua mwendo. Mluzi unageuka mguno, na ule mtembeo wa chini unakuwa kama mzee anapanda kilima na gunia. Mie nilijua kinachotokea, jini lina njaa. Mama ananiambia, "Rama, kaanike." Nazipanga betri juu ya bati la jikoni, jua la mchana linaziivisha mpaka hazishikiki, na jioni jini limeshiba, linaamka. Lakini halikuwahi kushiba sawasawa. Betri mpya ni za watu wa mjini. Sie santuri ile tuliisikia siku zote kwa mwendo wa njaa njaa. Na kila nilipozishusha betri zile batini nilisoma Ayatul Kursi mbio mbio, kisha nikazikumbatia kifuani, zi moto, na harufu ile.

Ndipo mama akajifungua mtoto na mtoto hakukaa. Baada ya hapo alinyamaza. Kichwa kikimuuma anafunga kitambaa, anakaa kwenye santuri. Anaisikiliza asubuhi, anaisikiliza mchana, baba anarudi kutoka zamu anakuta chakula hakijapikwa na ile sufuria ya santuri inachemka peke yake chumbani.

Bibi akalisema barazani, mbele ya baba. "Mwanamke anayekaa peke yake anasikiliza kitu kisichokuwa na maneno, hayupo peke yake. Mkeo ana mtu, Kondo. Apungwe."

Na hapa msicheke, vijana, kama mmeipata karatasi hii. Kuwa na pepo hakukuwa aibu. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu walikuwa nao. Huyu ana ruhani anataka marashi, yule ana Kibuki anataka kinywaji kikali, na siku pepo anapotaka chake mume ananyamaza na anatoa. Anaitwa fundi wa kupunga, zinapigwa ngoma moja baada ya nyingine, maana kila pepo ana ngoma yake. Ikigongwa ya kwake mgonjwa anatikisika, wanasema kapandisha. Fundi anamuuliza jina, atokako, na anachotaka. Akijibu, yamekwisha. Mgonjwa anaitwa kiti, na kiti hakina kosa, mwenye makosa ni aliyekikalia.

Fundi wetu alikuwa Bi Mwantumu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Walitandika mkeka uani baada ya adhuhuri, chetezo kikawashwa, mama akakalishwa kati na kufunikwa shuka jeupe gubigubi. Kondoo amefungwa kwenye mpapai. Wanaume na baba barazani. Wanawake wa mtaa mzima uani, na watoto wote, wote waliokuwa wananipigia miluzi, wamepanda juu ya ukuta wa ua.

Wakapiga ngoma ya kwanza. Shuka limetulia. Wakapiga ya pili, wakabadilisha nyimbo, Bi Mwantumu akamzungushia chetezo mpaka wote tukakohoa. Mama ametulia ndani ya shuka kama mtu anayesubiri mvua ikatike aendelee na safari. Wapigaji wakatoa jasho. Bibi akaanza kuangalia chini. Na kwenye ukuta mtoto mmoja akasema, "Hata pepo wamemkataa!"

Mie nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni, na nilikuwa nashangaa watu wazima hawa. Wanaliita jini kwa ngoma za Kipemba na za Kingazija, na jini limo chumbani ndani ya sanduku, na chakula chake kipo batini kinaiva! Wapigaji walipokaa kunywa chai, nikapanda pipa, nikashusha betri, nikaenda chumbani nikaleta gramafoni. Nikaiweka mkekani. Nikaweka sindano.

Maji yakaanza kuchemka. Ukaja mluzi. Halafu kile cha chini kikaanza kutembea, dumu, dumu, dumu.

Bega la kulia la shuka likainuka.

"Huyo!" Bi Mwantumu akaruka na kikombe mkononi. "Huyo! Anapanda!"

Vigelegele vikapigwa. Wapigaji wakakimbilia ngoma zao, wakahangaika kuifuata sauti ile, hawaiwezi, wanaitangulia, wanaachwa. Shuka sasa linakwenda, bega la kulia, bega la kushoto, taratibu, kwa mwendo ule wa pasi. Na mie nimesimama hapo kifua mbele. Ni nani aliyelijua jini? Rama Redio Mbovu.

Bi Mwantumu akapiga magoti. "Karibu, bwana. Karibu kiti chako. Tumekutafuta sana. Nani wewe? Umetoka wapi? Unataka nini?"

Shuka likatulia. Mama akalishusha mpaka mabegani. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na macho yake yalikuwa macho yake.

"Mie Mwanahawa," akasema. "Hamna mtu mwingine humu."

"Tunamuuliza mwenye kiti," Bi Mwantumu akasema. "Si kiti."

"Mwenyewe ndiye mie."

"Basi nani anatikisika?"

"Mie."

"Kwa nini?"

Mama akaitazama gramafoni. "Naipenda tu," akasema. "Siumwi na mtu. Nikiisikia napumzika. Mtoto wangu amekufa, na hiki kitu hakiniambii nisilie wala hakiniambii nilie. Naipenda tu. Naomba mniache nisikilize."

Santuri inaendelea. Mwanamke mmoja nyuma akacheka, puu, kama mtu aliyetema maji. Wakafuata wengine. Ukutani watoto wakaanza, wiii, wiii.

Sijui niwaeleze vipi nyie ambao mama zenu walikuwa mama wa kawaida. Angekuwa na pepo kumi ningetembea mtaani kichwa juu. Angekuwa na wazimu wangemhurumia. Lakini mtu mzima, mke wa mtu, mwenye akili zake timamu, anapenda kelele za mashine? Anapenda, basi, bila kulazimishwa na kiumbe chochote? Hilo halikuwa na jina. Uso wangu ulikuwa moto kuliko betri zile.

Bibi akasimama. Hakupiga kelele, alikuwa mwanamke wa heshima na alikuwa ameaibishwa uani kwake mwenyewe. "Kondo!" akaita barazani. "Njoo uchukue mkeo. Hana pepo. Ana jeuri. Pepo nitampa kondoo, jeuri sina cha kuipa. Leo leo arudi kwao Rufiji."

Baba akaingia kwa aibu, mwanaume katikati ya shughuli ya wanawake, kofia mkononi. Akachutama mbele ya mkeka. Baba alikuwa mtu wa kubeba magunia, hakuzoea kubeba maneno.

"Mama Rama," akasema chini chini. "Sema jina."

"Jina gani, baba Rama?"

"Lolote. Mie sitaki uende. Mama akishasema amesema, unamjua. Wewe sema jina, tule kondoo, yaishe."

Mama akatikisa kichwa. "Nikisema ninaye, sitaipata tena. Itakuwa yake."

Baba hakuelewa. Mie pia sikuelewa. Nilichojua ni kwamba kule ukutani wananiangalia, na kwamba Rufiji ni mbali, na kwamba yote haya yanaweza kwisha kwa neno moja dogo ambalo kila mama wa mtaa huu amekwishalisema. Nikamwendea nikamshika shuka.

"Mama, sema unaye. Wananicheka."

Akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha haya, wakubwa na wadogo, wenye kunidai na wenye kuniogopa. Sijatazamwa tena hivyo. Alilitazama pengo la jino langu. Kisha akalivuta shuka akajifunika kichwa, na kutoka ndani ikaja sauti nene, ya puani, ya mtu mgeni.

"Mie Bwana Waya," ikasema. "Natoka ng'ambo. Nataka santuri yangu kila Alhamisi. Nataka na maji ya waridi."

Uani palilipuka kwa vigelegele. Bibi alilia machozi ya furaha, akaja kumkumbatia mkwewe kupitia shuka. Kondoo akachinjwa. Watoto wakashuka ukutani wakaja kuniuliza kwa heshima Bwana Waya anakula nini, nikawaambia anakula jua, wakaamini. Nililala nimeshiba nyama na ushindi. Hiyo ndiyo aibu yangu, wala sitaki mtu aniambie "ulikuwa mtoto." Najua nilikuwa mtoto. Ninachosema ni kwamba nilifurahi.

Tangu hapo kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake wanakuja. Bwana Waya ana heshima zake. Mama anafunikwa, ananyunyiziwa maji ya waridi, santuri inawekwa, na juu yake wanapiga makofi na kuimba nyimbo walizomtungia, kwa sauti za juu, mpaka ile sufuria inayochemka haisikiki kabisa. Mama anatikisika kama inavyotakiwa. Siku zilizobaki sanduku la gramafoni linafungwa, maana kitu cha pepo hakiguswi ovyo. Bibi ndiye aliyekaa na ufunguo.

Sikumwona tena amekaa dirishani kidevu juu ya goti. Siku moja nilimkuta uani anaanua nguo, visigino vyake vinainuka na kushuka, hakuna sauti yoyote.

"Mama, Bwana Waya amekuja?"

"Bwana Waya yupo kazini," akasema. "Huyu ni mie napumzika." Kisha akaona Bibi anatoka, visigino vikatulia.

Sindano iliisha, na sindano nyingine mjini hazikupatikana. Santuri ikawa inatoa kelele kama mchanga kwenye kikaango. Mama akawatangazia wanawake kwamba Bwana Waya amehama, amerudi kwao, ameridhika. Walisikitika sana. Yeye akapika, akafua, akazaa dada zangu, akazeeka. Tukawa na redio, tukawa na kaseti, tukawa na umeme wa ukutani. Hakuwahi kuniomba nimtafutie kitu cha kusikiliza, mie mwanawe, mwenye maspika makubwa kuliko yote Temeke. Na mie sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nampelekea vitenge.

Maana mnadhani maspika niliyapendea nini? Watu wananiuliza, nawajibu biashara. Ukweli ni kwamba sikio langu lilikwishatobolewa na santuri ile kabla sijajua kunyoa. Muziki wa dansi ulipoanza kuweka vinanda vya umeme, wazee wakasema ni kelele, mie nikasikia mluzi wa mtu asiye na midomo nikasema moyoni, huyo. Taarabu ikatupa filimbi na kodiani ikachukua kinanda cha kuchomeka, wakalia, nikasema, huyo. Vijana wakaja na muziki wa kompyuta, wakaja na singeli inayokimbia kama imeiba kuku, na hapa kwetu Temeke wakatukanwa, redio mbovu, mashine ya kusaga. Mwaka unaofuata waliowatukana wananikodi spika wacheze hiyo hiyo kwenye harusi za binti zao. Kila mara nilijua kabla ya wengine, nikanunua vyombo kabla ya wengine, wakasema mzee Rama ana akili ya biashara. Sikuwa na akili yoyote. Nilikuwa na mama. Na sikulisema hilo kwa mtu.

Zuhura, mjukuu wangu, ndiye anayetengeneza hizo biti za singeli, hapo hapo dukani, kwenye laptopu yake, kati ya maspika yaliyofunguliwa matumbo. Baada ya siku ile ya sanduku alilipiga picha lile jalada kwa simu. Juzi mchana nikiwa nauma uzi wa solda, akaniita.

"Babu! Nimeipata. Babu, hii si santuri ya mchezo. Wanasema ni katika zile za mwanzo kabisa, walitengeneza sauti kwa kuunganisha waya kwa mikono, kipande kwa kipande, hakuna aliyekuwa amefanya hivyo. Watu walizicheka. Wanasema muziki wote wa mashine duniani umetoka kwenye mbavu za albamu kama hizi. Hata hizi biti zangu, babu, ukifuata ukoo utafika hapa. Na bibi mzaa wewe alikuwa nayo Temeke! Aliipatia wapi?"

"Alipewa," nikasema.

"Alikuwa anaipenda?"

Nikasema, "Iweke."

Akaiweka. Yakaja maji, lakini yanachemka mbio, mluzi mwembamba, unarukaruka kama ndege. Nikakasirika.

"Siyo hii."

"Ndiyo hii, babu. Tazama picha."

"Nakwambia siyo. Ile ninaijua."

Akanitazama kwa mshangao, na hapo hapo nikaelewa, nikasikia harufu ya betri. Watu wa ng'ambo waliitengeneza hivi, nyepesi, yenye haraka. Ile yetu ilikuwa ya betri za juani. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuisikia kama alivyoisikia mama.

"Unaweza kuipunguza mwendo?"

"Naweza, lakini itaharibika."

"Punguza."

Akapunguza. "Zaidi," nikasema. "Zaidi." Ile ya chini ikaanza kupanda kilima na gunia lake, dumu, dumu, dumu, mluzi ukawa mguno, na mie nikafumba macho. Sijui muda gani ulipita. Nilichosikia ni Side, fundi wangu, kijana mwenye mdomo, anapiga kelele kutoka mlangoni.

"Oya, njooni! Mzee kapandisha!"

Nikafumbua macho. Bega langu la kulia lilikuwa juu. Vijana wangu wote wamesimama na bisibisi mikononi wanacheka, na Side amepiga magoti mbele yangu, kikombe cha chai kichwani kama chetezo. "Karibu, bwana! Nani wewe? Umetoka wapi? Unataka nini?"

Hawakuwa na ubaya. Ni watoto wazuri, mie ndiye niliyewafundisha utani. Duka ni langu, kiwanja ni changu, hapa hakuna mama mkwe wa kumrudisha mtu Rufiji. Nilikuwa na jibu, nilipewa uani kwetu na mwanamke aliyeshusha shuka akaonyesha uso wake, mbele ya mtaa mzima, maneno mawili tu. Nikafungua kinywa niyaseme.

"Najaribu spika," nikasema.

Wakacheka, wakarudi kazini. Zuhura peke yake hakucheka. Alinitazama, akatazama laptopu yake ndogo inayoguna mezani, akatazama maspika yote ya dukani, yamelala, hakuna hata moja lililochomekwa.

"Spika ipi, babu?" akaniuliza pole pole, wasisikie.

Nikamwambia airudishe mwanzo.